Sombe bila nyama, maharage yaliyoiva

Mwaka 1944 kulitokea mambo mawili yasiyojuana. Uingereza, katikati ya vita, mwezi wa kumi na moja, Donald Watson na wenzake wachache walijitenga na chama cha watu wasiokula nyama. Wao walitaka kwenda mbali zaidi: si nyama tu, hata maziwa, mayai na siagi wasiguse. Wakahitaji jina. Wakachukua herufi za mwanzo na za mwisho za neno «vegetarian», wakapata «vegan». Mwaka huohuo huku kwetu, Rwanda ilikuwa ndani ya njaa ya Ruzagayura. Mvua ilikosekana, ugonjwa ukaozesha viazi shambani, na bado serikali ya Wabelgiji ilikuwa inadai watu na chakula kwa ajili ya vita vya Wazungu. Wabelgiji wenyewe walihesabu makumi ya maelfu ya waliokufa. Makadirio mengine yanafika laki tatu. Waliobaki na nguvu za kutembea, wengi walishika njia ya Uganda au ya Kongo.

Naviweka pamoja vitu hivi kwa sababu hapa Kigali vimekuja kukutana kwenye sahani moja. Ingia leo kwenye mgahawa wa wageni, utaona karatasi ya vyakula imeandikwa isombe, na pembeni yake neno la bwana Watson. Mtu analipa vizuri, anapiga picha, anakula. Na sisi tunaopita nje tunajiuliza: kumbe hiki tulichokuwa tunakula kwa kukosa kina jina?

Kina jina, ndiyo, lakini kina historia pia, na historia hiyo ni yetu sisi wakimbizi zaidi ya mtu mwingine yeyote. Nitajaribu kuisema. Mwishoni nitasema na namna ya kupika, maana historia ya chakula bila sufuria ni maneno matupu.

Kwanza tuelewane kwamba hakuna mwenyeji kwenye chungu chetu. Muhogo ulitoka Brazili; Wareno waliuleta pwani ya ufalme wa Kongo katika karne ya 16, ukatambaa pole pole kufuata mito mpaka huku kwenye maziwa. Maharage yalitoka Amerika, mahindi vilevile, karanga vilevile, pilipili, nyanya na viazi vitamu vilevile. Ndizi ni ya kutoka Asia, ingawa hiyo imekaa sana hata imesahau kwao. Michikichi ya mawese ndiyo ya hapa Afrika, lakini ni ya upande wa magharibi na wa msitu. Ukiangalia sahani ya bugali, sombe na maharage, kila kitu kilichomo kimevuka mpaka. Tofauti yake na sisi ni kwamba hakikuombwa karatasi.

Baada ya njaa ya Rwakayihura, ile ya 1928 na 1929, Wabelgiji walilazimisha kila familia ya Rwanda na Burundi kulima mazao ya kuzuia njaa, hasa muhogo na viazi vitamu. Ni kilimo cha lazima, asiyelima aliadhibiwa. Wazee wengi hawakuupenda muhogo, waliuona ni chakula cha amri ya mzungu. Walikula mizizi, lakini majani wengi waliyaacha shambani.

Mwaka 1937 Wabelgiji wakaanzisha ofisi ya kuhamisha Wanyarwanda, MIB kwa kifupi, ikachukua familia kutoka Rwanda iliyokuwa imejaa watu, ikazipeleka Gishari na milima mingine ya Masisi, kwenda kulima na kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Iliendelea mpaka 1955. Waliokimbia Ruzagayura waliongezeka juu ya hao, na wakimbizi wa 1959 wakaongezeka tena. Masisi ya juu ni baridi, muhogo haupendi kule. Wazee wetu walipanda walichokijua: maharage, mtama, ndizi palipokubali, viazi, na wakafuga ng'ombe. Sombe waliikuta kwa majirani wa mabonde ya chini, kwa Wahunde na Wanyanga, na sokoni Goma na Sake ambako Wahavu na Washi nao walikuwa wanauza. Wakajifunza kutwanga. Mama zetu wakaanza kutia puwaro, biringanya na mawese kama wenzao, na watoto waliozaliwa kule hawakujua kwamba kuna wakati sombe haikuwa ya kwao.

Halafu 1996 tukakimbia kurudi upande ambao babu zetu walitoka. Ndiyo maana nasema babu waliondoka na maharage, wajukuu wakarudi na sombe. Si sisi peke yetu. Wale waliorudi 1994 kutoka Zaire na Burundi walikuwa nayo tayari. Hata jina, isombe, Kinyarwanda kimelichukua tu na kuliongezea i- mbele. Muulize mzee wa Kigali aliyekuwa hapa miaka ya sabini. Mara nyingi atakuambia hiyo ni mboga ya Wakongomani.

Sasa nifike kwenye kambi. Hapa siwezi kupita haraka.

Kiziba ilifunguliwa 1996. Gihembe 1997, baada ya mauaji ya kambi ya Mudende. Nyabiheke 2005, Kigeme 2012, Mugombwa 2014, na Mahama 2015 kwa ajili ya ndugu zetu Warundi. Katika kambi zote hizo, kwa miaka mingi, rasheni ilikuwa vitu vinne: mahindi ya punje, maharage, mafuta ya kupikia, chumvi. Isome orodha hiyo tena. Hamna nyama, hamna samaki, hamna yai, hamna maziwa. Bwana Watson angekaa Gihembe miaka yote bila kuvunja kanuni yake hata siku moja. Sisi tulikuwa tunaishika bila kuulizwa.

Ndiyo sababu watu wa kambi wakisikia leo kwamba kuna mtu amechagua kula hivyo, wanacheka kwanza. Ni cheko kina uchungu ndani. Kuchagua ni kitu kimoja, na kuchaguliwa ni kitu kingine. Ila nadhani hapo ndipo wengi wetu tunaposimama, tunakosa kuona kilichofuata. Maana rasheni hiyo ilikuwa haiwezi kuliwa ilivyo. Mahindi ya punje lazima yasagwe, na mashine inataka pesa, kwa hiyo ulikuwa unauza sehemu ya mahindi ili usage yaliyobaki. Maharage yaliyokaa ghala muda mrefu kwenye joto yanakuwa magumu kama changarawe. Unayachemsha saa tatu, saa nne, na kuni ziko wapi? Chakula kilikuwa cha bure mpaka kufikia mlango wa nyumba. Kuanzia pale kilianza kuwa ghali, na aliyelipa ni mama na binti zake: kwa mgongo wa kubeba kuni, na kwa muda.

Walichofanya akina mama ni kubadilishana. Kikombe cha maharage ya rasheni kwa fungu la lenga-lenga la mwenyeji. Mafuta kidogo kwa karanga. Wenye kipande cha udongo nyuma ya nyumba walipanda muhogo si kwa mizizi bali kwa majani, maana majani unachuma na yanarudi. Mahindi yaliyokosa pesa ya mashine yalichemshwa mazima pamoja na maharage, yakawa impungure, ambayo Wakenya wanaiita githeri. Mtu asikudanganye kwamba ile ilikuwa njaa tu. Ilikuwa upishi, na wa watu wenye akili.

Mwaka 2014, kuanzia Gihembe, PAM ilianza kutoa pesa kwa simu badala ya magunia. Hilo lilibadilisha kila kitu, na sisemi kwa ubaya. Mwenye pesa anachagua. Kwa miaka kadhaa ilikuwa faranga 7,600 kwa mtu kwa mwezi. Mwanzo wa 2018 ikapunguzwa robo nzima, ikawa 5,700. Yaliyotokea Kiziba mwezi wa pili mwaka ule wanayajua walioyaona, na yanastahili maandishi ya peke yake. Machi 2021 likaja punguzo lingine, asilimia 60, kwa sababu wafadhili hawakutoa. Kila pesa ilipopungua, kitu cha kwanza kutoka kwenye chungu kilikuwa kile kidogo cha mnyama kilichokuwa kimeingia: ndagala, na maziwa ya watoto. Maharage yakabaki. Maharage yanabaki siku zote.

Wengi wetu tukaja mjini. Kigali mkimbizi anatakiwa kujitegemea, na hapa ndipo inapoingia ile ninayoiita haraka.

Kigali si Goma. Goma unakula barabarani. Mji wote ni jiko. Hapa kuna desturi ya zamani kwamba mtu mwenye heshima hali njiani anatembea, na kuna mji ambao hautaki wachuuzi kwenye lami. Kwa hiyo chakula cha haraka cha Kigali kilichukua sura nyingine: kinaivia mahali fulani, halafu unakibeba kwenda kukila ndani. Pita mtaani jioni, Kimisagara au Gatsata au nyuma ya Kimironko, utaona mbele ya kiduka mbabula moja kubwa na sufuria jeusi juu yake. Ni maharage. Yamechemka toka asubuhi. Unapimiwa, unaenda nyumbani, unakaanga kitunguu na nyanya, dakika kumi umekula. Sokoni, mama mwingine ana mashine ya kusaga sombe: unamuona anatia majani juu, yanatoka chini yamelainika, kijani kama rangi. Kazi iliyokuwa ya kinu na mchi, saa nzima mabega yanawaka, sasa ni dakika.

Sababu yake ni makala, yaani makaa ya mawe… hapana, ya miti. Nasema hivyo kwa sababu Warundi wenzangu huwa wananicheka nikisema makala. Gunia la makala mjini ni pesa nyingi. Mtu wa chumba kimoja akichemsha kikombe kimoja cha maharage saa tatu, makala yanagharimu kuliko maharage. Mama akichemsha sufuria la nyumba ishirini kwa moto uleule, kila nyumba inalipa kidogo. Basi ukiona maharage yaliyoiva yanauzwa, unaona nyumba ishirini zimegawana moto mmoja. Kampuni nazo zimeliona hilo. Siku hizi kuna maharage yaliyopikwa tayari kwenye pakiti za dukani. Na kiwanda cha Kinazi, kule Ruhango, tangu 2012 kinauza unga wa muhogo uliofungwa vizuri. Ni vizuri. Lakini kabla ya pakiti kulikuwa na mama mwenye sufuria jeusi, na mara nyingi ni Mkongomani au Mrundi, aliyeanza kwa sababu hakupata kazi nyingine, na hajui kwamba anafanya biashara ya kisasa.

Siwasahau watu wa Biryogo. Mji huu ulianzishwa 1907 na Mjerumani Richard Kandt, na nyuma ya Wajerumani walikuja wafanyabiashara na askari Waislamu waliokuwa wanazungumza Kiswahili cha pwani. Waliishi Biryogo na Nyamirambo, na ndio waliotuletea chapati na sambusa. Hata leo, ukitaka sambusa ya viazi isiyo na nyama, iliyotiwa dengu au kitunguu na pilipili tu, nenda kule ukashushe na chai ya mkandaa. Kiswahili chetu cha Kivu na chao havifanani, lakini kwenye chapati tunaelewana.

Jambo moja la kuwa macho. Chakula kikionekana hakina nyama, haimaanishi hakina. Kwenye sahani ya mélange ya mchana, ile ya wali, ndizi, chipsi, maharage, mboga na kipande cha nyama juu, unaweza kusema «usiniwekee nyama», na mpishi akakuwekea mchuzi wake kwa huruma. Sombe ya Kigali mara nyingi imetiwa mfupa au unga wa ndagala. Uliza hivi, kwa upole:

«Mama, sombe iko na ndagala?»

«Hapana, mwanangu, iko na karanga tu.»

«Na mfupa?»

«Aa, mfupa nimeshautoa.»

Hapo umeelewa. Mandazi nayo mara nyingi yana maziwa au yai, chapati inategemea mkono wa mtu. Waadventista wanalijua vizuri suala hili; tangu misheni ya Gitwe mwanzoni mwa miaka ya 1920 wamekuwa wakifundisha habari za kula mboga na soya, na mama wa Kiadventista akikuambia hakuna nyama, mwamini. Waeritrea na Waethiopia waliopo hapa nao hufunga Jumatano na Ijumaa bila nyama wala maziwa, na dengu zao ni kitu cha kuonja angalau mara moja.

Sasa mapishi. Nayaandika kwa mtu wa mbabula moja anayetoka kazini amechoka.

Sombe. Nunua iliyosagwa, mafungu mawili kwa watu wanne. Hapa haraka ina mpaka: majani mabichi ya muhogo yana sumu, na inayoitoa ni kusaga na kuchemsha. Kwa hiyo chemsha saa moja kamili kwa maji mengi, sufuria bila kifuniko. Usisikilize anayekuambia dakika ishirini. Kisha tia puwaro iliyokatwa, biringanya moja, pilipili mboga, chumvi. Vikilainika, tia vijiko vitatu vya mawese na nusu kikombe cha karanga zilizosagwa, ulizokoroga kwanza na maji ya vuguvugu zisifanye mabonge. Moto mdogo, koroga chini, maana karanga inapenda kuungua. Ikianza kutoa mafuta juu, imeiva. Pika nyingi, sombe ya kesho ni tamu kuliko ya leo, na hiyo ndiyo haraka ya kweli.

Maharage. Ukipika mwenyewe, loweka usiku kucha, mwaga yale maji, utaokoa makala mengi. Ukinunua yaliyoiva, kaanga kitunguu mpaka kibadilike rangi, tia nyanya mbili, seleri, kisha ponda robo ya maharage kwa mwiko kabla ya kutia yaliyobaki; mchuzi utakuwa mzito bila kutia kitu kingine. Kula na ndizi zilizopikwa humohumo, au chukua chapati, weka maharage makavu kidogo, vipande vya avoka, chumvi na pilipili, kunja. Avoka ya Rwanda ni siagi ambayo Mungu ametengeneza mwenyewe. Wakati wa msimu wake hakuna sababu ya kula mkate mkavu.

Lenga-lenga ni ya siku ambayo huna nguvu kabisa: osha, katakata, dakika kumi na kitunguu, tia karanga mwishoni. Asubuhi, uji wa sosoma, ambao jina lake limetokana na mtama, soya na mahindi kwa Kifaransa. Ni unga unaouzwa kila duka, unatosha mtoto na mtu mzima, na hauhitaji maziwa.

Kuna neno moja dogo linalonisumbua katika haya yote. Mgeni akija, mama anasema: «Mutusamehe, leo iko maharage tu.» Nimelisikia neno hilo, tu, tangu utoto. Siku ya ndoa isiyo na nyama inasemwa miaka mitano. Silaumu, ng'ombe kwetu ni heshima, na mtu aliyenyang'anywa ng'ombe wake wote Masisi hawezi kufundishwa na mtu yeyote kwamba nyama si kitu. Ninachoona ni kwamba mgahawa wa juu unauza sombe ileile bila kuomba msamaha, na aliyeisaga kule sokoni bado anaomba. Bei ya sahani moja pale inatosha mafungu yake ya siku nzima. Angalau tungejua hesabu hiyo tunapopanga bei zetu.

Wenzetu waliohamishiwa Amerika kutoka Gihembe, kabla kambi haijafungwa 2021 na waliobaki kupelekwa Mahama, wanatuandikia kwamba kule sombe inauzwa imegandishwa kwenye pakiti, imeandikwa pondu au saka-saka, katika maduka ya Waafrika. Vijana waliokua kule, ambao hawajawahi kushika mchi, wanauliza inachemshwa dakika ngapi. Tunawajibu: saa moja, bila kifuniko, halafu karanga.